Mwongozo kamili: Kuhifadhi namba za simu kwenye wingu, ili simu ikipotea majina yabaki

Malalamiko huwa yale yale. Mtu amepoteza simu, amenunua nyingine, ameingia kwenye akaunti yake akiwa na uhakika kwamba kila kitu kiko salama, halafu kitabu cha simu kinafunguka na majina kumi na mawili. Mengine mia tatu hayapo. Anazima simu, anaiwasha, anasubiri hadi asubuhi. Hayaji.

Mara nyingi hapo akaunti haina kosa, na mtandao nao hauna kosa. Usawazishaji (sync), yaani simu na akaunti kunakiliana majina zenyewe, ulikuwa umewashwa kweli, ila majina yenyewe hayakuwa yakikaa kwenye akaunti. Yalikuwa kwenye laini, au kwenye kumbukumbu ya ndani ya simu, na usawazishaji wa kawaida huchukua kile tu kilichomo ndani ya akaunti. Maelekezo mengi huanza na "washa sync". Haya yanaanza nyuma kidogo ya hapo.

Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka simu ikiwa kwa Kiingereza, kwa kuwa ndivyo watu wengi walivyoiacha. Simu hutofautiana kidogo. Usipoliona neno lenyewe, tumia kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa wa "Settings" na uandike "contacts".

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye chaji ya kutosha na intaneti. Majina ni maandishi matupu, kwa hiyo hata mia kadhaa hayamalizi bando. Kinachoongeza uzito ni picha za watu ulizoziambatisha.
- Akaunti moja ya wingu, yaani inayotunza vitu mtandaoni nje ya simu yako: ya Google kwa simu za Android, ya Apple kwa iPhone. Mwenye iPhone anaweza pia kutumia ya Google.
- Nenosiri la akaunti hiyo, unalolijua wewe. "Simu inalikumbuka" haitoshi, maana siku utakayolihitaji simu haitakuwepo.
- Kifaa cha pili chenye kivinjari, kama kompyuta au simu ya mtu unayemwamini. Bila hiki huwezi kuthibitisha chochote.
- Mahali pa kuweka faili nje ya simu: flashi au kompyuta.
- Kalamu na karatasi. Si utani, utaandika idadi.

Programu za "kuokoa namba" zilizojaa kwenye duka la programu huna haja nazo. Simu inayo tayari kila kitu, na programu yoyote unayoiruhusu kusoma kitabu chako cha simu inasoma namba za watu ambao hawakukupa ruhusa hiyo.

## Hatua ya 1: Jua majina yako yanakaa wapi

Kitabu cha simu kinachoonekana kwenye skrini ni mkusanyiko. Programu huchukua majina kutoka sehemu kadhaa na kuyapanga pamoja kwa alfabeti, kwa hiyo yote hufanana. Jina lililo kwenye laini linakaa juu ya jina lililo kwenye Google na huoni tofauti. Sehemu zenyewe kwa kawaida ni tatu: laini, kumbukumbu ya simu, na akaunti, na akaunti zinaweza kuwa zaidi ya moja.

Kwenye Android. Fungua programu ya "Contacts" ya Google, gusa picha yako ya wasifu juu kulia, kisha chagua akaunti moja moja uone majina yaliyomo. "Device" maana yake ni kumbukumbu ya simu. Kwenye Samsung, fungua programu yake ya majina, gusa mistari mitatu, kisha mshale ulio kwenye orodha ya majina yote; utaona "Phone", "SIM" na akaunti zako kila moja peke yake.

Kwenye iPhone. Fungua "Contacts", gusa "Lists" juu kushoto. Orodha zimegawanywa kwa akaunti. Kumbuka kwamba iPhone haiandiki majina kwenye laini, lakini laini iliyotoka simu nyingine inaweza kuwa imebeba majina ambayo iPhone haikuonyeshi mpaka uyaingize.

Andika idadi kwenye karatasi. Tuseme: simu 214, laini 97, akaunti 12. Jumla si lazima iwe idadi ya watu, kwani mtu mmoja anaweza kuwepo sehemu zote tatu. Ila ukiona akaunti ina 12 na simu ina 214, umeshajua kwa nini mambo yangekwenda vibaya.

Laini ina ufinyu wake. Nyingi hubeba majina yapatayo 250, namba moja kwa kila jina, na jina lenyewe hukatwa likizidi herufi kumi na kitu. "Fundi wa Mabomba" hugeuka "Fundi wa Mabom", na kama una mafundi wawili, wa mabomba ya maji na wa mabomba ya gesi, wote watasomeka vile vile. Hapo si mahali pa kutunzia kitabu cha simu cha miaka.

Angalia pia akaunti yenyewe ni ya nani. Simu nyingi hufunguliwa mara ya kwanza na mtu mwingine: muuzaji, fundi, mpwa anayejua mambo ya simu. Kama aliingiza barua pepe yake ili "kuiwezesha tu simu", basi majina yako yamekuwa yakienda kwake muda wote. Ukikuta anwani ya barua pepe usiyoitambua kwenye orodha ya akaunti, usiifute bado. Ukiiondoa kwenye simu, majina yaliyomo huondoka nayo. Fanya kwanza hatua ya 2.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kusema bila kubahatisha: majina yangu mengi yako sehemu fulani, na akaunti iliyopo ni yangu.

## Hatua ya 2: Toa faili ya usalama kabla ya kugusa kitu

Hatua zinazofuata zinahamisha majina. Kuhamisha kukikatika katikati, au ukigusa kitufe kisicho chenyewe, faili hii ndiyo itakayokuokoa.

Kwenye Android, ndani ya "Contacts" gusa "Organize", kisha "Export to file"; ukiulizwa, chagua sehemu zote. Kwenye Samsung ni "Manage contacts", halafu "Export contacts". Kwenye iPhone yenye iOS 16 au zaidi, gusa "Lists", bonyeza orodha kwa sekunde kadhaa mpaka menyu itokee, kisha "Export". Rudia kwa kila akaunti.

Utapata faili inayoishia na .vcf. Huo ndio mfumo uitwao vCard, na karibu kila simu, kompyuta na huduma ya barua pepe inauelewa. Uzuri wake ni kwamba ni maandishi ya kawaida. Ifungue kwa programu yoyote ya kusomea maandishi kwenye kompyuta na utaona kitu cha namna hii:

BEGIN:VCARD
VERSION:2.1
FN:Fundi wa Mabomba
TEL;CELL:(namba iko hapa)
END:VCARD

Kila mtu ana kipande chake, kinachoanza na BEGIN:VCARD na kuishia na END:VCARD. Ukikuta mistari mirefu ya herufi zisizosomeka, hizo ni picha, ziache. Sasa tumia kitufe cha kutafuta neno ndani ya faili, utafute BEGIN:VCARD, na programu nyingi zitakuambia limetokea mara ngapi. Hiyo ndiyo idadi ya majina yaliyomo. Linganisha na karatasi yako.

Onyo kuhusu CSV. Ukitoa majina kupitia tovuti ya Google utapewa pia chaguo la CSV, na watu wengi hulipenda kwa sababu linafunguka kama jedwali. Tatizo ni kwamba programu za majedwali huiona namba ya simu kama hesabu. Sifuri ya mwanzo inafutwa, alama ya + inatoweka, na namba ndefu inaweza kugeuzwa kitu kama 1.23E+11. Ukihifadhi faili katika hali hiyo, namba zimekufa. Kwa kutunza, chagua vCard siku zote.

Hamishia faili kwenye flashi au kompyuta. Usiitume kwenye kundi la gumzo "ili isipotee": ndani yake kuna namba za watu wote unaowajua.

Umefanikiwa ikiwa faili iko nje ya simu na idadi ya BEGIN:VCARD inakaribia ile uliyoiandika.

## Hatua ya 3: Iandae akaunti itakayobeba majina

Chagua moja tu. Watu wenye Gmail tatu kwenye simu moja ndio hao hao wanaosema majina yamepotea, kumbe yamegawanyika.

Kisha hakikisha unaweza kuingia kwenye akaunti hiyo ukiwa huna simu wala laini. Hapa ndipo wengi hunaswa. Namba ya kurejesha akaunti waliyoiandika ni ile ile iliyo ndani ya simu iliyoibiwa, kwa hiyo msimbo wa uthibitisho unatumwa mikononi mwa mwizi. Ongeza namba ya pili ya mtu wa karibu, au barua pepe ya pili. Kwa Google, ukiwa umewasha uthibitishaji wa hatua mbili (nenosiri pamoja na uthibitisho wa pili), nenda kwenye sehemu ya usalama ya akaunti na uchukue misimbo ya dharura: hutolewa 10, kila mmoja wa tarakimu 8, na kila mmoja hutumika mara moja tu. Iandike kwenye karatasi na uiweke nyumbani. Kuipiga picha na kuiacha kwenye simu hiyo hiyo hakuna maana. Kwa Apple, ongeza namba ya pili inayoaminika.

Msimbo wowote unaotumiwa kwa ujumbe usimpe mtu anayekupigia akidai ni wa huduma kwa wateja. Anayejitambulisha hivyo anaitaka akaunti yenyewe.

Mengine mawili, kwa haraka. Google ina kanuni ya kufuta akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2, kwa hiyo usihifadhi majina kwenye akaunti uliyoitelekeza. Na kwenye iPhone, mume na mke wakitumia akaunti moja ya Apple, vitabu vyao vya simu huchanganyika kuwa kimoja, na anayefuta jina analifutia na mwenzake. Kila mtu awe na akaunti yake.

Umefanikiwa ikiwa umeingia kwenye akaunti kupitia kifaa cha pili, kwa nenosiri ulilolichapa mwenyewe. Kama umeazima simu ya mtu, tumia dirisha la faragha la kivinjari ("Incognito" au "Private") na utoke ukimaliza.

## Hatua ya 4: Hamishia majina ndani ya akaunti

Anza na laini, umalizie na kumbukumbu ya simu.

Android, majina ya laini. Kwenye "Contacts", gusa "Organize" na utafute mstari wenye neno "SIM". Chagua majina yote, kisha, na hapa usikimbie, angalia simu inapendekeza kuyapeleka wapi. Chagua anwani yako ya Gmail. Ukiacha "Device", utakuwa umeyatoa kwenye laini na kuyaweka sehemu nyingine isiyosawazishwa, na shida itabaki pale pale.

Android, majina ya kumbukumbu ya simu. Njia ni mbili. Ya kwanza ni kuchagua majina, kugusa nukta tatu, halafu "Move to another account". Ya pili ni kuwasha chaguo la kusawazisha pia majina ya simu: "Settings", "Google", mipangilio ya programu za Google, "Google Contacts sync", kisha "Also sync device contacts". Mimi napendelea ya kwanza. Unaona kwa macho kilichohama, na hakuna kinachobaki kikining'inia. Kwenye Samsung kitufe ni "Move contacts" ndani ya "Manage contacts".

iPhone. Nenda "Settings", kisha "Apps", "Contacts", "Import SIM Contacts". Kwenye matoleo ya kabla ya iOS 18, "Contacts" iko moja kwa moja ndani ya "Settings". Ukiulizwa akaunti, chagua iCloud. Majina yaliyo kwenye kumbukumbu ya simu yenyewe yatashughulikiwa katika hatua ya 5.

Simu zisizo na huduma za Google. Chukua ile faili ya .vcf ya hatua ya 2, fungua contacts.google.com kwenye kivinjari, gusa "Import" na uipakie. Njia hii inafanya kazi kwa simu yoyote ile iwezayo kutoa vCard. Kama majina yako kwenye simu ya vitufe, yanakili kwenye laini kwanza, kisha ipachike laini hiyo kwenye simu janja.

Onyo: usifute chochote kwenye laini sasa hivi. Subiri hatua ya 6.

Umefanikiwa ikiwa ukirudia ile hesabu ya hatua ya 1, sasa akaunti ndiyo yenye idadi kubwa.

## Hatua ya 5: Washa usawazishaji

Hapa pana kazi ndogo.

Android: "Settings", sehemu ya akaunti (mara nyingi "Passwords & accounts"), gusa akaunti yako ya Google, "Account sync", washa "Contacts". Kwenye ukurasa wa akaunti angalia pia kama usawazishaji wa jumla, "Automatically sync app data", umewashwa. Huo ukizimwa, vitufe vingine vyote ni pambo.

iPhone: "Settings", gusa jina lako juu kabisa, "iCloud", kisha washa "Contacts". Ukiulizwa ufanye nini na majina yaliyopo kwenye simu, chagua "Merge". Hapo ndipo majina ya kumbukumbu ya simu yanapoingia iCloud.

Ukitaka iPhone itumie Google badala ya iCloud, ongeza akaunti ya Google kwenye mipangilio ya "Contacts" na uwashe kitufe cha majina. Lakini amua moja. Ukiwasha zote mbili bila mpango utajaza marudio.

Onyo kwa wenye iPhone: siku utakapozima kitufe hicho cha iCloud, simu itakuuliza iyaache majina kwenye simu au iyafute. Soma kabla ya kugusa.

Kama usawazishaji unagoma, kagua haya kabla ya kuanza kufuta na kusakinisha upya: hali ya kuokoa betri, hali ya kuokoa data, na tarehe ya simu. Simu ambayo saa yake imepotoka sana hushindwa kuthibitishana na seva, na ujumbe wa hitilafu mara nyingi hausemi neno lolote kuhusu saa.

## Hatua ya 6: Thibitisha kwenye kifaa cha pili

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo pekee inayokupa jibu. Kuona majina kwenye simu yako hakuthibitishi kitu. Yalikuwepo hata kabla.

Chukua kile kifaa cha pili. Fungua contacts.google.com au icloud.com, ingia, nenda kwenye majina. Kisha fanya jaribio la pande zote mbili:

1. Kwenye simu, tengeneza jina "Jaribio Moja" lenye namba yoyote ya kubuni. Subiri dakika chache, onyesha upya ukurasa wa kivinjari. Likionekana, safari ya kwenda inafanya kazi.
2. Kwenye kivinjari, libadilishe liwe "Jaribio Mbili". Rudi kwenye simu. Likibadilika, safari ya kurudi nayo inafanya kazi.
3. Lifute kwenye simu na uone linatoweka kwenye kivinjari.

Jambo la tatu lichunguze vizuri, kwa sababu linakuonyesha usawazishaji ni nini hasa. Unachokifuta upande mmoja kinafutika upande wa pili. Mtoto akichezea simu na kufuta majina hamsini, wingu linayafuta hamsini hayo hayo kwa utiifu. Ndiyo maana kuna hatua ya 9.

Halafu linganisha idadi na karatasi yako, na utafute kwa majina watu watano ambao zamani walikuwa kwenye laini pekee. Idadi peke yake inaweza kudanganya. Watu hao watano hawadanganyi.

Likitokea jina kwenye simu lakini si kwenye kivinjari, lifungue kwenye simu, gusa penseli, na uangalie limehifadhiwa wapi. Mara nyingi utakuta "Device" au akaunti nyingine. Rudi hatua ya 4.

Umefanikiwa ikiwa jaribio limepita pande zote na wale watano wapo. Sasa, ukipenda, unaweza kufuta majina ya laini. Mimi ningeyaacha mpaka angalau hatua ya 9 iishe.

## Hatua ya 7: Elekeza namba mpya mahali sahihi

Usipofanya hivi, baada ya miezi sita utakuwa umerudi ulikoanzia. Kila ukihifadhi mtu mpya simu huchagua mahali kwa niaba yako.

Kwenye "Contacts" ya Google, mipangilio ina "Default account for new contacts". Samsung huita "Default storage location". iPhone ni "Default Account", ndani ya mipangilio ya "Contacts". Weka ile akaunti yako moja. Kisha hifadhi mtu mmoja mpya na umtafute kwenye kivinjari.

## Hatua ya 8: Safisha marudio na uandike namba kamili

Baada ya kuunganisha laini, simu na akaunti, mtu mmoja ataonekana mara mbili au tatu. Google ina "Merge & fix" kwenye tovuti na kwenye programu; iPhone hukuonyesha juu ya orodha kwamba kuna marudio. Usikubali yote kwa mkupuo. Pitia. Watu wawili wenye jina moja si mtu mmoja, na ukiunganisha "Juma" wa kazini na "Juma" mwenye nyumba, siku moja utatuma ujumbe usikopaswa kwenda.

Fanya hivi baada ya hatua ya 6, si kabla yake. Ukisafisha majina ambayo bado yamegawanyika sehemu tatu, marudio yatazaliwa upya kila usawazishaji unapopita.

Wakati unapitia, andika namba kwa muundo wa kimataifa: alama ya +, msimbo wa nchi, kisha namba. Katika nchi nyingi ile sifuri ya mwanzo huondoka. Kiwango cha kimataifa kinaruhusu tarakimu zisizozidi 15 baada ya +. Faida utaiona ukivuka mpaka au ukiweka laini ya nchi nyingine: namba iliyoandikwa kwa sifuri itapigwa kana kwamba iko nchi uliyopo, na programu za gumzo hazitamtambua mwenye namba. Si lazima uzibadilishe zote leo. Anza na wale ambao ungewahitaji ukiwa safarini.

## Hatua ya 9: Weka nakala ambayo wingu haliwezi kuifuta

Toa faili nyingine ya .vcf, sasa ikiwa safi, kwa njia ile ile ya hatua ya 2. Ipe jina lenye tarehe na uiweke nje ya simu na nje ya akaunti hiyo hiyo. Rudia kila baada ya miezi michache, au kila unapoona umeongeza watu wa maana. Usifute ya zamani unapoweka mpya. Ni faili ndogo, na pengine kosa lilitokea kabla ya ile ya mwisho.

Kuna wanaoamini kwamba nakala rudufu ya WhatsApp inatosha. Nakala hiyo hutunza mazungumzo. Ukiirejesha kwenye simu isiyo na kitabu cha simu, utapata gumzo zako zote zikiwa na namba tupu juu yake, na utaanza kusoma ujumbe wa zamani ukibuni nani ni nani.

## Ukifuta kwa bahati mbaya

Chukua hatua mapema, maana muda una kikomo.

Google: fungua contacts.google.com, angalia "Trash". Majina yaliyofutwa hukaa humo siku 30. Kama uharibifu ni mkubwa, mfano umeunganisha watu vibaya, tumia "Undo changes" kwenye mipangilio ili kurudisha kitabu kizima kilivyokuwa saa moja, siku moja au wiki moja iliyopita, hadi siku 30. Toa faili ya .vcf kwanza, kwa kuwa watu uliowaongeza baada ya wakati huo wataondoka.

Apple: ingia icloud.com kwenye kompyuta, tafuta "Data Recovery", kisha "Restore Contacts", uchague tarehe. Orodha ya sasa hubadilishwa na ile ya zamani, lakini ya sasa nayo hutunzwa kwanza, kwa hiyo ukikosea unaweza kurudi.

Siku 30 zikipita, kilichobaki ni faili ya hatua ya 9.

## Ukipata simu mpya

Android kwenda Android, au iPhone kwenda iPhone: ingia kwenye akaunti, washa usawazishaji wa majina, subiri. Ndiyo kazi yote.

Kutoka Android kwenda iPhone, ongeza akaunti ya Google kwenye iPhone na uwashe majina. Kutoka iPhone kwenda Android, nenda icloud.com, chagua majina yote, yatoe kama vCard, kisha yapakie contacts.google.com. Baada ya hapo rudia hatua ya 7 kwenye simu mpya, maana mpangilio huo hauhami nawe.

## Kabla ya kuiachia simu ya zamani

Usiifute mpaka jaribio la hatua ya 6 limepita kwenye simu mpya. Kisha toa akaunti kwanza, ndipo ufute simu. Android ikifutwa bila kutolewa akaunti, huenda ikamwomba mwenye kuipokea nenosiri lako, na atakupigia usiku. Kwenye iPhone, toka kwenye iCloud ili kufuli la uanzishaji ("Activation Lock"), linaloifunga simu kwenye akaunti yako, liondoke.

Mwisho, chomoa laini na kadi ya kumbukumbu. Kama laini hiyo nayo unaiacha kwa mtu mwingine, sasa ndiyo wakati wa kufuta yale majina 97 yaliyobaki ndani yake.